Mtamba wa Shule

Hyasinta hakuingia ndani kwanza. Alipoacha njia ya kijiji, sanduku la bati kichwani, alikata moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye banda la mtamba. Marsela, mama yake, alikuwa uani akipepeta maharage. Alipomwona binti anapita bila hata kumtazama, alijua siku aliyokuwa akiiogopa ndiyo hiyo imebisha hodi. Akaweka ungo chini, akangoja kelele.

Kelele hazikuja. Ilikuja sauti ndogo tu, ya mtu anayejizuia.

“Mama, mtamba yuko wapi?”

“Hata salamu hakuna?”

“Shikamoo, mama. Mtamba yuko wapi?”

“Marahaba. Baba yako atakuambia.”

Hyasinta alitoka bandani na kipande cha samadi mkononi. Kilikuwa kikavu, kimepasukapasuka, na hakuhitaji kuuliza tena kama mnyama ametoka asubuhi hiyo hiyo. Hori lilikuwa limeota utando wa buibui. Pampu ya dawa ya kupe ilikuwa inaning'inia pale pale alipoitundika mwenyewe likizo iliyopita.

“Keshokutwa mkaguzi anakuja,” alisema. “Anatoka wizarani. Anapita kwa wote tuliopewa mitamba. Anamtazama ng'ombe, ananiuliza maswali, anatoa alama. Ndiyo mtihani wenyewe wa vitendo, mama, hakuna mwingine. Asiye na mnyama hana alama, na asiye na alama anatolewa kwenye mchepuo. Kidato cha nne! Nikitolewa sasa nitakwenda wapi?”

Marsela aliinamia ungo wake. Mtamba yule hakuwa mali yao, na hilo ndilo lililokuwa limemnyima usingizi. Shule ya Hyasinta ilikuwa ya mchepuo wa kilimo, na Serikali ilikuwa imeipa plau, mbegu, na mitamba wa maziwa, weusi kwa weupe, waliozaliwa kwenye shamba lake yenyewe. Malisho ya shule yalipopungua, mkuu wa shule aliwagawa mitamba kwa wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri, ili kila mmoja amfuge wake nyumbani kama mradi wa mtihani. Masharti yalikuwa mafupi: mnyama asitoke bandani, akatiwe majani, anyunyiziwe dawa kila wiki. Kazi hiyo, Hyasinta alipokuwa bwenini, ilikuwa ya Marsela. Aliifanya bila kulalamika. Majirani walimtania kwamba siku hizi ana mkwe, maana huduma ile haikuwa ya ng'ombe.

Patrisi, mumewe, aliporudi kutoka shambani na kumwona binti yake uani, alisimama kwanza, jembe begani, kama mtu aliyekosea nyumba.

“Baba, shikamoo. Mtamba yuko wapi?”

“Yuko salama.”

“Salama wapi?”

“Kwa Meitamei.”

Hyasinta alikaa chini, hapo hapo kwenye maharage. Meitamei alikuwa rafiki wa baba yake, Mmasai wa ng'ambo ya msitu, upande wa Ngorongoro, mwendo wa nusu siku kwa miguu.

“Wewe hukuwepo,” Patrisi alianza kujitetea. “Wewe ulikuwa shuleni unakula ugali wa Serikali. Mama yako naye alikuwa Mbulu kumzika shangazi yake. Mimi ndiye niliyekuwa hapa walipokuja kumchukua Sulemani wa dukani. Mgambo wanaingia nyumba hadi nyumba: hiki umekipata wapi, hiki umeficha kwa nini. Mtu mzima ametupa redio yake korongoni! Sasa wakija kwangu, mimi, Patrisi mwenye suruali ya viraka, wakaniuliza ng'ombe wa kizungu huyu nimempata wapi, niseme nini?”

“Useme umepewa na Serikali!”

“Nani angeniamini?”

“Ana hereni ya shule sikioni, baba. Imeandikwa!”

“Ndiyo hiyo hiyo iliyonitia baridi! Mali ya Serikali, zizini kwangu. Wangesema nimeiba.”

Mwaka ule wa themanini na tatu, wa msako wa wahujumu uchumi, watu wengi walikuwa na akili kama ya Patrisi. Woga ulikuwa umewaingia hata wasio na kitu. Na huku kwetu mwanamume aliyefundwa hakusanyi mifugo yake yote mahali pamoja. Mmoja anamweka kwa shemeji kule Buger, mwingine kwa rafiki wa baba yake ng'ambo ya msitu. Maradhi yakiingia hapa, kule wanapona, na mgeni mwenye macho marefu akija kuhesabu anawaona wawili tu, anaondoka. Patrisi alimfanyia mtamba wa Serikali yale yale aliyofanya babu yake kwa ng'ombe wake, na usiku ule wa kurudi alilala fofofo, akijiona amecheza kama mtu mzima.

“Kwa Meitamei kuna josho?” Hyasinta aliuliza.

Patrisi alijikuna kichwa.

“Baba. Kuna josho, au pampu, au dawa yoyote ya kupe?”

“Ng'ombe wake wanene kuliko hawa wetu.”

“Hao wamezoea kupe tangu kuzaliwa! Huyu hajawahi kuumwa na kupe hata mmoja, kwa hiyo hana kinga. Masika hii! Baba, umemuua.”

“Usiniambie nimeua!” Patrisi aliinua mkono, ukabaki hewani, akaushusha. Hakuwa mtu wa kupiga. Aliingia ndani akafunga mlango, na mama na mwana wakabaki wanaokota maharage moja moja kwenye vumbi.

Alhamisi alfajiri, baba na binti waliondoka. Marsela aliwafungia viazi na kibuyu cha maziwa ya mgando, akawasindikiza hadi mahali njia inapopinda kuelekea msituni. “Jioni muwe mmefika,” alisema. “Hata kama ni kumbeba.”

Jioni hawakufika.

*

Ijumaa asubuhi alikuja Clemensi, mwenyekiti wa kijiji, pamoja na mgambo wawili waliovaa makoti mazito. Alikuwa mtu wa kupenda wageni wa serikali, na alishapita nyumba zote za njiani kuagiza watu wafagie. Aliingia hadi bandani, akatoka amekunja uso.

“Mama Hyasinta, mnyama yuko wapi?”

Marsela alimweleza yote. Hakuona haja ya kumficha, walikuwa wamebatizwa siku moja. Clemensi alimsikiliza huku akitazama barabarani.

“Mungu wangu! Kuficha! Unajua neno hilo sasa hivi lina uzito gani? Watu wako ndani kwa kuficha sabuni, na ninyi mmeficha ng'ombe wa Serikali. Patrisi ataozea huko. Na mimi je? Wataniuliza mwenyekiti ulikuwa wapi.”

“Watafika tu, ndugu yangu. Wako njiani.”

“Wasipofika?” Clemensi alishusha sauti, akawapa mgambo mgongo. “Sikiliza. Sema ameibiwa. Basi. Ameibiwa juzi, baba mtu ameenda kufuata nyayo. Usitaje mtu, usiongeze neno. Aliyeibiwa hana kosa.”

Kabla Marsela hajasema ndiyo wala hapana, Land Rover ilisikika ikipanda kilima kwa gia nzito, matope yakirushwa huku na huku.

Walishuka wawili. Mkuu wa shule, Marsela alimfahamu, mwanamume mrefu mwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi hadi makunjo yakasimama. Mkaguzi hakuwa kama alivyomtegemea. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa gauni na mabuti ya mpira, mfuko wa ngozi begani. Alijitambulisha kwa jina la Antonia, akamsalimu Marsela kwa mikono miwili.

“Karibuni,” Marsela alisema. “Karibuni chai.”

“Chai baadaye, mama,” mkuu wa shule alisema. “Tuna nyumba nyingine nne. Mwanafunzi yuko wapi? Mbona hajapokea wageni?”

Walizunguka nyuma. Marsela aliwafuata. Aliwaona wakisimama mbele ya banda. Jogoo wa jirani aliwika wakati usio wake.

“Mama,” mkuu wa shule aligeuka. “Hiki ni nini?”

“Ameibiwa,” Marsela alisema.

Ilitoka kirahisi kuliko alivyodhani.

“Ameibiwa lini?”

“Juzi. Baba yake na Hyasinta wamefuata nyayo.”

Mkuu wa shule alicheka bila furaha. “Juzi. Na hori hili lina buibui wa juzi? Mama, mimi si mtoto. Mmeuza! Serikali inajinyima, inawapa watoto wenu ng'ombe wa kujifunzia ili kesho wawe wataalamu wetu wenyewe, na ninyi mnamgeuza nyama ya sikukuu! Mwenyekiti, hivi hapa kwako kuna usalama kweli?”

“Upo, ndugu mkuu,” Clemensi alisema haraka, jasho likimtoka. “Upo kabisa.”

“Basi mama huyu aniambie aliyeiba ni nani. Mtu anaingia hadi nyuma ya nyumba, anafungua banda, anamtoa mnyama mkubwa namna ile, na mwenye nyumba hajui ni nani? Usipomjua mwizi, mama, mwizi ni wewe na mumeo. Na huyo msichana asirudi shuleni hata kuchukua godoro.”

Bi. Antonia alikuwa amechuchumaa anatazama samadi.

Marsela alimwona Hyasinta mawazoni akiwa na jembe badala ya kalamu, ameolewa kabla ya mavuno na mtu yeyote atakayetokea. Alijiona mwenyewe, miaka yote ya kukata majani. Akafumba macho.

“Ni Mmasai,” alisema. “Anaitwa Meitamei. Wa ng'ambo ya msitu.”

“Ahaa!” mkuu wa shule alisema. “Sasa tunaelewana.”

Hapo hapo kila kitu kikawa chepesi. Clemensi alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua siku zote, mgambo mmoja akasema hizo ndizo zao, mwenzake akauliza boma liko upande gani hasa. Mkuu wa shule akasema gari litapeleka taarifa kituoni mchana. Hata Marsela alipewa kiti. Hakuna aliyemuuliza swali jingine.

Marsela alikuwa bado amekikalia kiti hicho, mgambo mmoja aliponyoosha mkono kuelekea njiani.

Kwenye kona ya njia, kutoka msituni, alikuja mwanamume mwenye shuka nyekundu, amelowa hadi kiunoni, anavuta kamba. Mwisho wa kamba alikuwa mtamba. Hatua mbili, anasimama. Hatua mbili, anasimama. Hyasinta alikuwa nyuma anamsukuma kwa bega, na Patrisi pembeni, amebeba mzigo wa majani mabichi kichwani.

“Meitamei,” Marsela alisema. Alisema kwa mshangao tu, lakini jina hilo lilitosha.

Mgambo waliteremka mbio. Mmoja alimpiga Meitamei mtama, akaanguka kwenye tope na kamba mkononi. Mwingine alimkalia mgongoni, wakamfunga mikono kwa ile ile kamba ya ng'ombe. Meitamei hakupigana. Aligeuza shingo, uso umejaa matope, akamtazama Patrisi.

“Patrisi,” aliita. “Hawa wanataka nini?”

Patrisi alibaki mdomo wazi, mzigo bado kichwani.

“Mnamfunga kwa nini?” Hyasinta alipiga kelele. “Mwacheni! Amefanya nini?”

“Ndiye mwizi,” mkuu wa shule alisema, akishuka taratibu asichafue viatu. “Hongera, binti. Mmemkamata pamoja na kidhibiti. Mama yako ametuambia yote.”

Hyasinta aliinua macho hadi kwa mama yake.

Sasa mambo yalikuwa yamekaa vizuri kupita kiasi, na Marsela aliliona hilo kama unavyoona maji ya kisima yaliyotulia. Mtamba amepatikana. Mwizi amepatikana. Mtihani utafanyika, Hyasinta atarudi bwenini Jumapili, Patrisi hataulizwa neno. Clemensi alikuwa amejisogeza karibu yake, akikohoa kikohozi kidogo cha kumwambia anyamaze. Kilichotakiwa ni kunyamaza tu. Na Patrisi naye, Mungu amsamehe, alikuwa anameza mate na kunyamaza.

“Mama?” Hyasinta aliita.

Marsela alisimama. Kiti kikaanguka.

“Mfungueni,” alisema. “Hakuiba. Nimesema uongo.”

“Mama Hyasinta!” Clemensi alikemea.

“Nimesema uongo! Mume wangu ndiye aliyempeleka kwake mwenyewe, kumficha. Tuliwaogopa ninyi. Huyu aliletewa tu amtunze, hakuomba. Mfungueni, jamani, anakula matope.”

Patrisi alitua majani. “Ni kweli,” alisema hatimaye, sauti imekauka. “Ni mimi.”

Mkuu wa shule aliwaka. Alisema familia ya waongo, alisema hujuma, alisema mfano lazima utolewe ili wazazi wengine wajue Serikali haichezewi. Alimwamuru Clemensi amweke Patrisi chini ya ulinzi. Alisema msichana afungashe. Yote hayo Bi. Antonia aliyasikiliza akiwa ameshateremka hadi kwa mtamba, ameweka kiganja chini ya sikio la mnyama.

“Ndugu mkuu,” alimwambia alipomaliza kufoka, “mimi nimetumwa kumtahini mwanafunzi. Mwanafunzi yupo, na mnyama yupo. Haya mengine utayamaliza na mwenyekiti. Hyasinta, njoo hapa.”

Hyasinta alikwenda. Magoti yake yalikuwa yamechubuka, sketi ya shule imepasuka pindo. Mgambo walikuwa bado wanahangaika na fundo la kamba kwenye mikono ya Meitamei, na mtihani ukaanza hapo hapo njiani.

“Nieleze unachoona.”

“Homa kali, mwalimu. Matezi ya chini ya sikio na ya begani yamevimba. Macho yanatoa machozi. Anapumua kwa shida, na tangu asubuhi anatoa povu puani.”

“Ni ugonjwa gani?”

“Ndigana kali.”

“Ameupataje?”

Hyasinta alimtazama baba yake, kisha akatazama chini. “Kwa kupe. Hakunyunyiziwa dawa.”

“Angekuwa ng'ombe wa kienyeji?”

“Pengine angestahimili. Huyu hawezi.”

Bi. Antonia aliondoa kiganja. Mtamba alikuwa amelala sasa, shingo ameinyoosha kwenye tope, na pumzi zake zilisikika hadi pale juu alipokuwa amesimama Marsela.

“Swali la mwisho. Atapona?”

Marsela alijikuta anaomba moyoni, asijue anaomba nini. Aseme ndiyo, binti yangu, aseme atapona.

“Hapana, mwalimu,” Hyasinta alisema, na machozi yakamtoka huku akiendelea kujibu. “Maji yameshaingia mapafuni. Hata kama dawa ingekuwepo, tumechelewa. Hatafika kesho.”

“Umejibu sawa,” Bi. Antonia alisema. Alimgusa begani. “Alama za matunzo sikupi, sina namna. Za ujuzi unazo zote. Utafanya mtihani wako na wenzako.”

Mkuu wa shule alimvuta Clemensi kando. Walikubaliana, kwa sauti za chini, kwamba Patrisi atatoa fahali wake mmoja wa kulimia apelekwe shuleni kulipia mtamba, na Jumatatu ataripoti ofisi ya kata. Fahali wa pili, bila mwenzake, asingevuta plau. Msimu ule wangelima kwa mkono. Patrisi alikubali yote kabla hawajamaliza kusema. Kisha Land Rover ikaondoka, maana zilikuwa zimebaki nyumba nne.

*

Mtamba alikufa adhuhuri. Meitamei alikuwa amekaa naye mpaka mwisho, kwa sababu Hyasinta alikuwa amekaa naye. Halafu aliosha uso kwenye mfereji, akaokota fimbo yake, akaanza kupanda njia bila kuaga.

Marsela alimkimbilia na kibuyu cha maziwa. Alimfikia kwenye kona.

“Meitamei. Chukua basi. Njia ni ndefu.”

Alisimama, lakini mkono hakuutoa. Alama za kamba zilikuwa zimetokeza kwenye vifundo vya mikono yake.

“Nisamehe,” Marsela alisema. “Walitaka kumfukuza mtoto. Sikujua niseme nini. Jina lako lilinijia tu mdomoni. Wewe ni mzazi, unajua.”

“Mtoto wako jana alikuwa amechoka,” Meitamei alisema. “Mvua ilikuwa kubwa. Nikamwambia lala, mimi nitakaa na ng'ombe. Patrisi alitaka tumwache huko huko afe. Mimi nikasema hapana, huyu ni ng'ombe wa kusoma, lazima tumfikishe.”

Marsela alianza kulia.

“Ungesema simba,” Meitamei alisema. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. “Msitu huu una simba wengi. Chui wapo. Mtu yeyote angeamini, na hakuna ambaye angefungwa. Kwa nini hukusema simba?”

Alingoja jibu kwa muda. Alipoona halitoki, alijifunga shuka vizuri, akaingia msituni.

Marsela alibaki pale na kibuyu chake mpaka Hyasinta alipokuja kumwita. Alikuwa anajiuliza swali lile lile, akilirudia na kulirudia, na jibu lilikuwa moja. Simba hakumjia akilini hata kidogo.